Dakika Sabini Mbele ya Pikapu

Pikapu ilikuwa nyeupe, na nyuma ilizungushiwa vyuma vya kuzuia mbuzi wasiruke. Siku za kawaida ilipeleka mifugo sokoni. Siku ya mbio ingekwenda polepole nyuma ya wakimbiaji, kwa mwendo wa kumaliza kilometa kumi katika dakika sabini kamili. Ikikufikia, unapanda. Barabara ilikuwa inafungwa kwa muda huo tu, kisha malori na mabasi yaachiwe kupita. Hivyo ndivyo kijana wa kamati alivyotuambia ukumbini, huku akiuzungusha ufunguo wa gari kwenye kidole.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, hijabu nimeivuta hadi puani. Sikuogopa kilometa kumi wala jua. Nilijiona nimesimama ndani ya vile vyuma, napitishwa barabara kuu ya Garissa, kila mwenye duka anainua macho kutoka kwenye birika lake la chai kuniangalia. Mimi ni mtu ambaye akitumwa dukani na kukuta wanaume watatu mlangoni, hurudi nyumbani na kusema sukari imeisha.

"Kuna kilometa tatu pia," kijana wa kamati aliendelea. "Hiyo ni ya kutembea. Akina mama na watoto."

Vijana wawili waliokuwa safu ya mbele wakageuka kututazama. Tulikuwa wanawake saba, tumejipanga ukutani.

"Akina mama wachukue ya tatu," mmoja akasema. "Wapewe na soda."

"Soda tutajinunulia," shangazi yangu akajibu. "Andika saba. Kilometa kumi."

Shangazi huyo ni dada wa baba, na kwa Kisomali namwita eddo. Huuza maziwa ya ngamia sokoni, na sauti yake imezoea kushindana na wauzaji wengine kumi. Daktari alimwambia sukari imepanda mwilini, atembee kila siku. Alitembea wiki moja akachoka nayo. "Kutembea nimetembea Ijara nzima nyuma ya ng'ombe," alisema. "Sasa nataka kukimbia." Akanichukua mimi kwa sababu nilikuwa nyumbani tangu nimalize darasa la nane, nikipinda marinda kwenye cherehani ya mama, na kwa sababu siwezi kumwambia mtu hapana. Wengine wakaja mmoja mmoja.

Jioni ile nilimwambia mama. Alikuwa anashona suruali pana ya kitambaa chepesi, ya kuvaliwa chini ya dira, gauni letu refu. Alikuwa ameshashona sita kama hiyo bila kuuliza ni za nini.

"Hooyo," nilisema, "nimeandikwa ile ya kumi."

Hakusimamisha mguu kwenye kanyagio. "Nani atakuwepo?"

"Watu wote."

"Na ile gari ya mbuzi niliyosikia?"

"Ipo."

Sasa akasimamisha. "Kimbia. Sitakuzuia. Lakini siku nikikuona umepandishwa hiyo gari mbele ya watu, mbio zimeisha. Utarudi hapa kwenye marinda. Sitaki msichana wangu awe hadithi ya kunywea chai."

Nikasema sawa. Nilijua hasemi mara mbili. Na nilijua kitu kingine ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote: saa ile ya alfajiri, mguu ukigonga mchanga na hakuna anayeniangalia, ndiyo saa pekee ya siku ambayo sikuwa na aibu. Sikutaka kuirudisha.

*

Tulikimbia baada ya swala ya alfajiri. Njia yetu ilianza kwenye kioski cha maji, ikapita mbele ya maduka machache, kisha ikaingia katikati ya vichaka vya mathenge mpaka mji ukapotea nyuma. Kuna uwanja wa shule wenye mistari, lakini unazungukwa na madirisha. Kwenye mathenge kulikuwa na mbuzi tu, na asubuhi nyingine twiga wawili, ambao walituangalia bila kucheka.

Kati yetu alikuwemo mwalimu, mwanamke wa bara, aliyenifundisha hisabati darasa la saba. Yeye ndiye aliyetuletea habari ya muda wa kulenga. Kabla yake tulikuwa tunakimbia mpaka eddo aseme "basi."

"Huwezi kumshinda mtu usiyemjua," mwalimu alisema. "Muda ndio mtu wenu. Mjue kwa kila umbali."

Akachukua kijiti akaandika mchangani. Kilometa moja, dakika sita na sekunde hamsini. Kilometa tatu, dakika ishirini na nusu. Tano, dakika thelathini na nne. Kumi, sabini.

Eddo akainama kuangalia. "Thelathini na nne mara mbili ni sitini na nane. Mbili zimeenda wapi?"

"Hizo ni za uchovu. Nusu ya pili huwa nzito kuliko ya kwanza. Upe mwili dakika mbili, usiunyime."

"Maziwa pia nikipima naongeza kidogo," eddo akasema. Tangu hapo hesabu ile haikumsumbua tena.

Mwalimu akanipa daftari la kurasa tisini na sita. "Wewe utaandika. Unaandika polepole, kwa hiyo hutakosea."

Nilichora safu nne, moja kwa kila umbali, na mistari saba, mmoja kwa kila mwanamke. Lakini kabla ya kuandika chochote, njia ilibidi ipimwe. Mwalimu alifunga safari kwenda kwao likizo ya Aprili. Simu zetu sisi ni za vitufe, na hazijui kupima chochote isipokuwa salio. Nikakumbuka somo lake la mzingo wa duara. Nikamwendea mwenye punda.

Huyu ni mtu wa makamo anayechota maji kioski na kuyauza mitaani kwa mitungi. Mkokoteni wake una magurudumu mawili ya gari, kama mikokoteni yote hapa. Nilimpeleka eddo aniombee, nami nikasimama nyuma yake nikiwa nimeshika uzi.

"Mnataka kupima barabara kwa punda wangu?" aliuliza.

"Kwa gurudumu lako," eddo akasema. "Punda mwenyewe hatumtaki."

"Hii gari yangu inatembea kama mzee mwenye mguu moja mfupi. Itapima vibaya."

"Waryaa, bwana, wewe endesha. Kupima ni kazi ya huyu msomi."

Alikuwa ametuambia kila kitu pale pale. Hatukusikia, tulicheka tu.

Gurudumu la kulia lilikuwa limezama kwenye tope la kioski, mahali maji humwagika siku nzima. Kwa hiyo nikazungusha uzi kwenye la kushoto, lililokuwa pakavu. Nikaunyoosha kwenye rula yangu ya shule, mara sita kamili: mita moja na sentimita themanini. Nikagawanya kwenye daftari. Kilometa moja ingekuwa mizunguko mia tano hamsini na sita.

Kisha tukaondoka. Nilipaswa kukaa upande wa kushoto, nilikopima. Lakini maduka yalikuwa upande huo, na wanaume walikuwa wameshatoa viti nje. Nikahamia kulia, uso wangu ukaangalia mathenge, na kitambaa chekundu nikakifunga kwenye gurudumu la kulia ili nikione kila kikipita juu. Gurudumu ni gurudumu, nilifikiri.

Nilihesabu kwa tasbihi ya mama, ya punje tisini na tisa. Kila kitambaa kikipanda, punje moja. Raundi tano nzima na punje sitini na moja, eddo anashuka kuweka jiwe lililopakwa chokaa.

"Unahesabu magurudumu kwa tasbihi?" aliniuliza njiani.

"Kila mzunguko nasema Alhamdulillahi."

Akafikiri. "Basi barabara yetu itakuwa na baraka."

Tuliweka mawe matano. Kwenda na kurudi, kumi.

*

Miezi mitatu daftari lilinichukia. Kilometa moja niliifikisha: dakika sita na sekunde arobaini na tano. Nikaandika kwa kalamu nyekundu. Nilifikiri mengine yatafuata. Kilometa tatu, bora yangu ilikuwa ishirini na moja na sekunde ishirini. Tano, thelathini na sita. Kumi, sabini na tano. Nilijaribu kuondoka na kasi, nikajaribu kuondoka taratibu, nikajaribu kula tende mbili kabla, nikajaribu bila kula. Sabini na tano. Mimi ndiye niliyekuwa wa mbele kati yetu. Eddo alikuwa themanini.

Mwalimu aliporudi aliangalia mawe, akaangalia hesabu yangu ya kugawanya, akasema ni sahihi. Ilikuwa sahihi. Hakuuliza juu ya gurudumu.

"Ajabu," alisema. "Mnapumua vizuri. Miguu ni myepesi. Mimi mwenyewe nikiwaangalia naona sitini na tano, lakini saa inakataa."

"Labda saa yako ni ya bara," eddo akasema. "Haijui joto la hapa."

Eddo mwenyewe alikimbia na viatu vya plastiki, vile vya sandak, mpaka kimoja kilipokatika tukiwa jiwe la tatu. Akakivua, akakiweka kwapani, akaendelea na kimoja. Siku ile aliandikisha themanini na moja. Mama alimuona anachechemea kurudi, na kesho yake raba zangu za zamani za shule zilikuwa zimeshonwa kisigino na kuachwa mlangoni. Zilimtosha eddo kama soksi.

Wiki mbili kabla ya mbio, wanne walihamia kwenye kilometa tatu. Hakuna aliyewalaumu. Mmoja wao alikuwa muuza vitambaa aliyetoka Bute, mwanamke mrefu, mwenye hatua ndefu, ambaye hakuwahi kukosa asubuhi hata moja. Bora yake ilikuwa sabini na tisa. Alikuja kwangu, kwa sababu daftari lilikuwa langu.

"Abaayo, mdogo wangu, nifute."

"Eddo ana themanini, na yeye anakwenda."

"Shangazi yako akipandishwa pikapu atahutubia watu kutoka juu yake. Mimi nina wateja. Nifute kwenye kumi, niandike tatu."

Niliandika polepole, kama kawaida yangu. Nilitamani anizuie. Hakunizuia.

Tukabaki watatu wa kilometa kumi: mwalimu, eddo na mimi. Usiku ule nilifikiri kumwambia eddo kwamba na mimi nifutwe. Niliposikia mama anakata uzi kwa meno chumba cha pili, nikanyamaza.

*

Saa kumi na mbili asubuhi tulisimama kwenye lami, sisi watatu na wanaume kama mia. Walikuwepo wasichana wachache wa sekondari waliovaa sare, na sisi. Wale vijana wawili wa soda walikuwa mbele kabisa, wamevaa fulana za kijani zinazofanana, wanaruka ruka na kupiga mapaja.

"Mnakimbia nini, akina mama?" mmoja akauliza. "Simba ametoka?"

"Ametoka," eddo akasema. "Anaendesha pikapu."

Firimbi ikalia. Vijana wakaondoka kama wameibiwa. Mimi nikaondoka na hesabu yangu: dakika sita na sekunde hamsini kwa ya kwanza, si zaidi, si chini. Mwalimu alikuwa na saa ya mkono, mimi nilikuwa na pumzi yangu. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba ningeweza kuisoma. Hatua nne kuvuta, hatua tatu kutoa. Huo ndio mwendo wangu wa sabini na tano.

Barabara ya Modika ni ndefu na haina kona ya kujificha. Watu walikuwa wamesimama pembeni. Wengine walipiga makofi, wengine walisimama tu mikono nyuma. Bibi mmoja alipiga vigelegele, nikainamisha kichwa. Kisha nikagundua kwamba nikiinamisha kichwa pumzi inakatika, na nikalazimika kukiinua. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona mji wangu ukiniangalia. Ulikuwa na meno mengi kuliko nilivyofikiri. Walikuwa wanacheka vizuri.

Nilimwacha mwalimu mahali fulani. Sikukusudia.

Pipa la kugeukia lilikuwa jekundu, na kando yake mzee wa kamati alikaa na saa kubwa na kipaza sauti. Nililiona nikafikiri ni la kitu kingine, maana nilikuwa sijachoka inavyopaswa. Kwenye njia yetu, jiwe la tano lilinikuta siku zote nikiwa na ladha ya chuma mdomoni. Hapa mdomo ulikuwa mdomo tu.

"Thelathini na moja!" mzee akatangaza. "Msichana, thelathini na moja!"

Nikasimama.

Sijawahi kukimbia tano kwa thelathini na moja. Daftari lilisema thelathini na sita, na daftari niliandika mimi. Basi nimekata njia mahali. Nimepita mkato bila kujua, nimefuata watu wasio wetu, na nikifika mjini watasema, yule msichana mwizi wa barabara. Pikapu ilikuwa haijafika, na aibu nyingine ilikuwa imenitangulia. Nikageuza kichwa kutazama nilikotoka. Nilikuwa tayari kurudi kutafuta mahali nilipokosea.

Lakini kwanza nikauliza. Mpaka leo sijui sauti ilitoka wapi.

"Mzee, hii ni tano kweli?"

"Kwani unataka nikuongezee?" Hakuweka chini kipaza sauti, na barabara yote ikasikia. "Nguzo ya kilometa hiyo hapo, imewekwa na waliojenga lami. Geuka, wewe! Geuka!"

Watu wakaangua kicheko. Nikageuka.

Kurudi ni kukutana uso kwa uso na walio nyuma yako. Nikakutana na mwalimu kwanza, anaangalia saa yake na kuitikisa, anaisikiliza kama imekufa. Akanionyesha vidole ambavyo sikuvielewa. Kisha wanaume, kisha wanaume tena, baadhi wanatembea. Kisha eddo, raba zangu zikimbana, dira ameikusanya mkono mmoja, uso umekuwa rangi ya nyanya iliyoiva.

"Mbona unakuja huku?" akapiga kelele. "Umepotea?"

"Nimegeuka!"

"Tayari?"

"Tayari! Eddo, iko karibu, pipa liko pale!"

Nilisikia anasema "Wallahi?" na hatua zake zikabadilika. Nyuma yake, si mbali, ilikuwa pikapu. Niliipita karibu kiasi cha kuona dereva anakula embe. Ndani ya vyuma kulikuwa na wanaume wanne wamekaa chini, magoti kifuani. Wawili wao walikuwa wameficha nyuso kwa fulana zao. Nikazitambua fulana za kijani.

Kilometa tano za mwisho sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka kwamba niliacha kuhesabu pumzi. Nakumbuka jua likitoka upande wa kulia na kivuli changu kikiwa kirefu kuliko mtu yeyote barabarani. Nakumbuka kwamba nilipita mbele ya maduka, viti vikiwa nje na wanaume wakiwa wamevikalia, na sikuhamia upande mwingine.

Sitini na tatu. Mtu aliandika kwenye kikaratasi akanipa. Nikakisoma mara tatu, kisha nikakiweka ndani ya kiganja na kufunga ngumi.

Mwalimu alifika na sitini na tano. Tukasimama pamoja kwenye kamba ya kumalizia, tukiitazama barabara. Saa ya ukutani waliyokuwa wameitundika ikaonyesha sitini na saba. Sitini na nane. Pikapu ikaonekana mwisho wa barabara, na mbele yake kitu cha rangi ya chungwa kinayumba. Ilikuwa dira ya eddo.

"Eddo!" nikapiga kelele. Watu waligeuka kuniangalia, nikapiga tena. "Eddo! Dakika moja! Kimbia!"

Dereva alipiga honi kwa furaha, lakini eddo alidhani anafukuzwa. Aliruka kama mbuzi aliyeguswa na moto. Sitini na tisa na sekunde hamsini na tano. Pikapu ilisimama nyuma yake, karibu kumgusa kisigino.

Aligeuka, akashika vyuma kwa mikono miwili ili asianguke, akachungulia ndani.

"Waryaa," aliwaambia wenye fulana, kila neno likikatwa na pumzi. "Soda... yenu... iko wapi?"

*

Waliokimbia kilometa tatu walikuwa wanatungoja kivulini, na muuza vitambaa wa Bute kati yao. Kila mtu alisema lake. Mmoja alisema kamati imefupisha barabara. Mwingine alisema ni dua. Mwalimu alikuwa bado anaitikisa saa.

Mwenye punda alikuwa ameletwa kugawa maji. Mkokoteni wake ulikuwa kwenye lami tambarare, punda amefunguliwa, mitungi imeshushwa. Nilikwenda kuchukua kikombe, na nikaona maji yaliyobaki sakafuni mwa mkokoteni yanakimbilia upande mmoja. Kushoto.

Nikazunguka nyuma. Gurudumu la kushoto lilikuwa la gari dogo. La kulia lilikuwa la gari kubwa, la kubebea mizigo. Nilichomoa uzi kwenye hijabu yangu nikapima la kulia pale pale, magoti kwenye lami, watu wakipita, kisha nikaunyoosha kwenye rula niliyoazima meza ya kamati, mara saba kamili. Mita mbili na sentimita kumi. Nilikuwa nimepima moja na kuhesabu lingine. Kila mita saba tulizokimbia, niliziandika sita. Kumi yetu ilikuwa karibu kilometa kumi na mbili.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na mimi ni hodari wa kunyamaza. Lakini muuza vitambaa alikuwa pale.

Nikawaita. Nikawaonyesha magurudumu, nikaeleza mpaka mwisho. Nikasema pia kwa nini nilihamia kulia.

Mwenye punda alikuwa wa kwanza kujibu. "Nilisema. Mguu moja mfupi. Nani alinisikia?"

Eddo alikuwa ameketi chini, viatu amevua. "Yaani miezi mitatu umetukimbiza mpaka karibu Dadaab?"

"Ndiyo, eddo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali kwenye lami. Mwalimu naye akashika kichwa, akasema yeye ndiye wa kuulizwa, alikagua hesabu na hakukagua gurudumu.

Muuza vitambaa hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Abaayo, ile sabini na tisa yangu. Ni ngapi?"

Niliinama nikazidisha kwa sita na kugawanya kwa saba, kwa kidole, kwenye vumbi la mkokoteni. Nilifanya mara mbili.

"Sitini na saba na kitu. Haifiki sitini na nane."

"Kwa hiyo nilikuwa ninaweza."

"Ulikuwa unaweza. Nisamehe."

Aliigeukia barabara. Malori yalikuwa yameanza kupita. "Daftari uko nalo?"

Nilikuwa nalo, mfukoni mwa suruali aliyonishonea mama.

"Futa tatu. Andika hiyo. Andika kwa nyekundu."

Nikaandika, polepole, na yeye akasimama juu ya bega langu mpaka nilipomaliza tarakimu ya mwisho. Kisha akasema mwakani nitapima na yeye akiwa ameshika upande wa pili wa uzi. Hakuwa anatania. Nilifurahi kwamba hakuwa anatania.

*

Dereva wa pikapu alikuwa anarudi upande wetu. Wale wanaume wanne walikuwa wameshashuka na kupotea. Eddo alisimama, akazitazama raba mkononi, akautazama mwendo uliobaki kwenda nyumbani.

"Mimi sitembei," alisema. Akapanda.

Wakapanda wote. Nikabaki chini, mkono kwenye chuma. Eddo akaninyooshea mkono wake. Nikapanda.

Tulipita barabara kuu tukiwa tumesimama, wanawake saba ndani ya vyuma vya mbuzi. Eddo alianzisha wimbo wa harusi, wengine wakapokea. Wenye maduka waliinua macho kutoka kwenye birika, kama nilivyokuwa nimeona siku ile ukumbini. Kila kitu kilikuwa vilevile, isipokuwa mimi nilikuwa napiga makofi.

Tukakata kona ya mtaa wetu, na mama alikuwa amesimama nje, tepu ya kupimia shingoni. Aliiona pikapu. Akaniona mimi ndani yake. Uso wake ukafunga kama duka.

Hapo nikakumbuka ahadi.

"Wifi!" eddo akaanza kupiga kelele, "hapana, tumepanda wenyewe, tume..." lakini wimbo ulimfunika, na mama alikuwa ameshaanza kugeuka kuingia ndani.

Mtaa mzima ulikuwa nje. Kulikuwa na wanaume mlangoni mwa duka, zaidi ya watatu. Nilipanda juu ya chuma cha katikati, nikashika bega la muuza vitambaa, nikainua kikaratasi.

"Hooyo! Sitini na tatu!"

Akasimama.

"Sitini na tatu! Na eddo sitini na tisa! Ilikuwa nyuma yetu, hooyo! Ilikuwa nyuma yetu!"

Mama aligeuka. Aliiangalia pikapu, akaniangalia mimi juu ya chuma mbele ya watu wote, hijabu imerudi nyuma, nimesimama kama dalali mnadani. Nilidhani atasema nishuke.

"Sema tena," alisema. "Wa kule dukani hawajasikia."